Vipimo vya Mafuta: Baina ya Kuchanganya na Kughushi

Liko suala ambalo twalipita kila siku jikoni pasi na kulitazama. Mtu ana mafuta ya namna mbili, yote mawili ni halali, yote ni safi, na yote huliwa na watu. Akayachanganya, kisha akayauza kuwa ni kitu kimoja. Je, amefanya biashara au amefanya ghushi? Na akijibu mtu kwamba hukumu yategemea, basi yategemea nini?

Wako wasemao kuwa kila mchanganyiko ni ghushi, na kwamba mcha Mungu hauzi ila kitu ambacho mwili wake ni mmoja. Na wako wasemao kuwa maadamu hapana najisi wala sumu ndani yake, mwenye mali ana hiari ya mali yake, na achanganye apendavyo. Sisi twaona kuwa makundi yote mawili yamekosea mahali, na kuwa haki imo katika jambo ambalo wote wameliruka. Jambo hilo ni kipimo: sehemu ngapi za hili kwa sehemu ngapi za lile, na ni nani anayekijua kipimo hicho.

Zamani suala hili halikuwa zito kwetu watu wa pwani. Mafuta tuliyoyategemea jikoni yalikuwa hasa mawili, mafuta ya nazi na uto wa simsim. Simsim ya Lamu na bara yake ilikamuliwa katika vinu vilivyozungushwa na ngamia, na katika karne ya 19 ilipakiwa merikebuni ikapelekwa hata Marseille katika nchi ya Ufaransa. Aliyenunua uto siku hizo alikuwa na mashahidi wake mwenyewe: jicho lake, pua yake na ulimi wake. Simsim ina harufu isiyofichika. Na mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 au karibu yake, ilhali uto haugandi. Kwa hivyo aliyetia mengi ya haya katika ule alifedheheshwa na baridi ya kusi, bila ya kuitwa kadhi wala mzee wa mtaa.

Leo mambo yamegeuka. Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia yaliwayo Kenya ni mawese, nayo huja kwa meli kutoka Indonesia na Malaysia. Huteremshwa katika bandari ya Mombasa, yakatiwa katika matangi, kisha yakasafishwa viwandani. Mawese yanapokamuliwa huwa mekundu na yana harufu yake, kama wajuavyo ndugu zetu wa Kigoma. Lakini kiwandani huondolewa wekundu, huondolewa harufu, na hutenganishwa yale yaliyo majimaji na yale yaliyo mazito. Alizeti nayo, na soya nayo, hupitishwa njia kama hiyo. Mwisho wa kazi yote, mafuta ya miti mbalimbali huwa na sura moja: rangi ya dhahabu iliyopauka, bila ya harufu wala ladha ya kutambulika. Usafi huo una manufaa yake, wala hatuulaumu. Lakini na tufahamu kilichotokea. Wale mashahidi watatu wa mnunuzi wamenyamazishwa, na hakikubaki cha kumwambia kilichomo ila neno la mwenye kuuza.

Hapa ndipo tunapopenda msomaji atuandame hata Magunga. Huenda akauliza, Magunga ni wapi, na yatuhusu nini sisi wa Mombasa, wa Malindi na wa Lamu? Magunga ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Gwassi, upande wa Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, karibu na mpaka wa Kaunti ya Migori. Nyuma yake kuna milima ya Gwassi, na mbele yake ni Ziwa Viktoria, na samaki wa pwani za ziwa kama Nyandiwa ndio chakula cha watu wa pande hizo. Yuko omena, ambaye sisi twamwita dagaa, yuko ngege, na yuko mbuta, yule samaki mkubwa aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950. Samaki hao hukaangwa, na kukaanga kwataka mafuta. Katika soko kama hilo wanunuzi wengi hawanunui chupa iliyofungwa kiwandani. Hununua mafuta ya kupima: robo lita, au kikombe, au ya shilingi ishirini tu, yamiminwayo kutoka pipani au kutoka jerikeni iliyo nyuma ya meza.

Mafuta hayo yametoka wapi? Aghalabu yamepita hapa petu. Yameteremshwa bandarini mwetu, yameandikwa katika daftari za makarani wetu, na yamepakiwa katika malori mbele ya macho yetu. Kutoka bandari ya Mombasa hata milima ya Gwassi ni kuvuka nchi nzima, na katika njia hiyo mafuta hubadilisha mikono mara nyingi: mwenye meli, mwenye kiwanda, mwenye ghala, muuzaji wa jumla, mwenye duka, mwenye meza. Kila mkono waweza kuchanganya. Na mama wa Magunga aliye mwisho wa mikono hiyo yote hamuoni hata mmoja wao isipokuwa yule wa mwisho. Hii ndiyo sababu ya kumtaja. Ni rahisi mtu kuwa mkweli kwa jirani ambaye kesho watasimama safu moja msikitini. Uaminifu hujulikana kwa yule usiyemuona wala hakuoni, ambaye hawezi kurudi dukani kwako kukushika kanzu.

Sasa na tuangalie hisabu yenyewe, kwani mwenye kuhukumu jambo asilolijua hujidhulumu na kuwadhulumu wengine. Kutafuta nisba ya vitu viwili vya bei mbalimbali ni bab ya kale katika ilimu ya hisabu. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, alisema kuwa amekusudia mambo ambayo watu huyahitaji katika mirathi, wasia, ugawaji na biashara. Na Fibonacci, Mtaliani aliyejifunza hisabu za Waarabu alipokuwa kijana katika bandari ya Bijaya, alitia katika kitabu chake cha mwaka 1202 mlango mzima juu ya kuchanganya madini ya sarafu. Hisabu ya fedha na shaba katika sarafu ndiyo hisabu ya mawese na alizeti katika pipa.

Njia yenyewe ni hii. Tuseme lita ya alizeti humgharimu muuzaji shilingi 300, na lita ya mawese shilingi 200. Bei hizi twazitoa kwa mfano tu. Naye ataka mchanganyiko ambao lita yake itamsimamia kwa shilingi 240. Na atazame umbali. Kutoka 240 hata 300 ni 60. Kutoka 200 hata 240 ni 40. Kisha abadilishe mahali: umbali wa alizeti, yaani 60, uwe ndio sehemu za mawese, na umbali wa mawese, yaani 40, uwe ndio sehemu za alizeti. Sababu ya kubadilisha ni kwamba kilicho mbali zaidi na kusudio hutiwa kidogo, na kilicho karibu hutiwa kingi. Kwa hivyo nisba ni 60 kwa 40, ambayo ni 3 za mawese kwa 2 za alizeti. Na ajaribu: lita 3 za mawese ni shilingi 600, lita 2 za alizeti ni shilingi 600, jumla ni 1,200 kwa lita 5, na kila lita ni 240. Hisabu imesimama. Mtoto wa chuoni aliyefunzwa kugawanya mirathi hawezi kushindwa na jambo hili.

Lakini bei si kitu pekee kinachochanganywa. Katika mafuta yote mna shahamu ya namna ile inayoganda upesi, ambayo matabibu huwaonya watu wasiizidishe kwa ajili ya mishipa na moyo. Katika alizeti ya kawaida ni kama sehemu 11 katika 100. Katika mawese yaliyochujwa yakawa majimaji ni kama 45. Katika mafuta yetu ya nazi ni kama 90. Basi ule mchanganyiko wa 3 za mawese kwa 2 za alizeti una karibu 31 katika 100. Ukiugeuza, ukatia 2 za mawese kwa 3 za alizeti, shahamu hiyo hushuka hata karibu 25, lakini lita itamgharimu shilingi 260. Kwa shilingi 20 za lita moja, mwili wa mlaji umepata nafuu.

Na liko la tatu. Alizeti ya kawaida huharibika upesi ikichemshwa muda mrefu; mawese hustahimili moto. Mwenye kukaanga samaki tangu asubuhi hata jioni kwa karai moja ana haja ya mawese ndani ya mafuta yake, si kwa urahisi wa bei tu bali kwa wema wa mafuta yenyewe. Kwa hivyo twaona kwamba asemaye kila mchanganyiko ni ghushi amesema bila ya kupima. Mchanganyiko mwema waweza kuwa bora kuliko kila kimoja cha viwili vilivyoufanya. Na zaidi ya hayo, huwafikishia watu wa kipato kidogo sehemu ya kile ambacho kikiwa peke yake wasingeweza kukinunua. Anayemkataza maskini mchanganyiko kwa jina la usafi hampi alizeti tupu. Amwachia mawese matupu, na ile alizeti huwabakia wenye uwezo.

Dini yetu nayo haikuja kukataza mchanganyiko. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim mna habari ya mtu aliyewekwa msimamizi Khaybar, akamletea Mtume, rehema na amani zimshukie, tende nzuri za namna iitwayo janib. Alipoulizwa kama tende zote za Khaybar ni kama hizo, akasema sivyo, bali wao hutoa pishi mbili za tende nyingine wakapata pishi moja ya hizi. Akakatazwa kufanya hivyo, akaamrishwa auze zile nyingine kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo anunue janib. Wanavyuoni huitaja habari hii katika mlango wa riba, na hapo ndipo mahali pake. Lakini na tuangalie neno moja ndani yake. Tende zile nyingine zinaitwa jam', na maana yake ni tende za namna mbalimbali zilizokusanywa pamoja. Mchanganyiko ule ulikuwa na jina lake sokoni na bei yake sokoni. Mtume hakusema usiuze mchanganyiko. Alisema uuze, kwa thamani yake, kisha ununue kilicho bora kwa thamani yake.

Na kwa upande wa pili iko habari mashuhuri katika Sahihi ya Muslim, ya yule muuza chakula ambaye Mtume alitia mkono wake katika chungu ya nafaka yake, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru kwamba imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule wa majimaji juu watu wapate kuuona. Na hapo ndipo Mtume alipomtoa mwenye kughushi katika kundi lake. Mvua haikuwa dhambi ya mtu yule, wala kuuza nafaka iliyolowa haikuwa dhambi, maana aliambiwa aiweke juu, hakuambiwa aitupe. Dhambi ilikuwa katika mpango wa chungu: kavu juu, majimaji chini.

Tukiziweka habari hizi mbili pamoja, mpaka tunaoutafuta huonekana. Mchanganyiko wenye jina lake na kipimo chake ni bidhaa. Mchanganyiko uliovikwa jina la kitu kingine, au uliofichwa kipimo chake, ni ghushi, ijapokuwa kila tone lililomo ni halali.

Watu wa biashara wana majibu yao kwa haya, na haifai kuyapuuza, kwani baadhi yake yana uzito.

La kwanza, husema: Mnunuzi haulizi. Ataka mafuta, na mafuta amepewa. Jawabu letu ni kwamba mtu haulizi juu ya jambo asilojua kuwa lipo. Al-Ghazali, katika mlango wa adabu za kuchuma ndani ya Ihya yake, alimuwajibishia muuzaji kuidhihirisha aibu ya bidhaa yake bila ya kungoja kuulizwa. Na kuchanganywa si aibu. Basi ikiwa lenye aibu litajwe, lisilo na aibu lina udhuru gani wa kufichwa? Yule anayeogopa kutaja kipimo chake amekwisha jihukumu mwenyewe.

La pili, husema: Hii ni desturi ya soko, kila mtu afanya hivyo. Na kweli desturi ni hoja katika muamala, lakini ni hoja pale inapojulikana kwa pande zote mbili. Ikiwa watu wote wa Magunga wajua kwamba mafuta ya kupima ni mawese zaidi na alizeti kidogo, na bei imesimama juu ya ujuzi huo, basi imekuwa kama ile jam', kitu chenye jina. Lakini desturi wanayoijua wauzaji peke yao si desturi ya soko. Hiyo ni siri ya kundi moja juu ya kundi jingine.

La tatu, ndilo kubwa zaidi, husema: Hapana aliyedhurika. Hapa na tupige hisabu tena. Mtu ametangaza mchanganyiko wake wa 3 kwa 2, watu wameuzoea na wameukubali bei yake. Siku moja akatia 4 za mawese kwa 1 ya alizeti, akaacha jina na bei vile vile. Sasa lita humgharimu shilingi 220 badala ya 240. Pipa la lita 200 limempa shilingi 4,000 zisizokuwa zake. Shahamu yenye kuganda imepanda kutoka karibu 31 hata karibu 38 katika 100. Na yule mama wa Magunga aliyenunua robo lita amenyang'anywa shilingi tano. Nani atashitaki kwa shilingi tano? Nani atajua? Wizi huu haukuondoa ila kidogo kwa kila mmoja, nao umeondoa kwa mamia ya watu, na umeondoa zaidi kwa yule anunuaye mara nyingi kidogo kidogo, ambaye ndiye maskini. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wapunjao katika vipimo, na kupunja kwenyewe ni kupunguza kidogo kidogo. Onyo limeshuka juu ya kidogo hicho kwa sababu ndicho ambacho nafsi hukidharau.

Tena kidogo kina tabia ya kukua. Mwaka 1959 katika mji wa Meknes na pande zake, huko Moroko, watu wapatao 10,000 walipatwa na maradhi ya kupooza miguu na mikono. Ilipochunguzwa ikaonekana kwamba wafanyabiashara walinunua mafuta ya injini za ndege yaliyobaki katika kambi ya jeshi la Marekani, wakayachanganya na mafuta ya kula, wakayauza kwa watu wa kipato kidogo. Mwaka 1981 huko Hispania mafuta ya mbegu yaliyoingizwa kwa kazi za viwandani, yaliyokuwa yametiwa dawa makusudi ili yasiliwe, yalisafishwa yakauzwa kuwa chakula, mengi yake katika madumu yasiyo na lebo. Waliougua walikuwa kama 20,000 na mamia wakafa. Hatusemi kwamba kila anayegeuza 3 kwa 2 akaifanya 4 kwa 1 atafika huko. Twasema kwamba njia ni moja: mtu ameshika kipimo ambacho mlaji hakijui, na amejizoesha kuwa kutojua kwa mlaji ni faida yake. Pale mwanzo wa njia husimamishwa na haya. Akiishinda haya, hakuna kingine cha kumsimamisha ila hofu ya kukamatwa.

La nne, husema: Bei hazitulii. Na hili ni kweli. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya alizeti, kisha Indonesia ikazuia mawese yake yasitoke tangu tarehe 28 Aprili hata 23 Mei, na bei za mafuta zilitaabisha nchi nyingi. Mchanganyaji katika siku kama hizo hana budi kubadilisha kitu. Ama abadilishe bei aiwache nisba, ama abadilishe nisba aiwache bei. Yote mawili ni halali kwake. Asichohalalishiwa ni kuuza nisba ya leo kwa jina la jana. Anayepandisha bei hulaumiwa mbele ya watu na hupoteza wateja. Anayebadilisha nisba kimya husifiwa kwa kuwahurumia watu. Huu ndio mtihani wenyewe, kwamba siku nyingine mkweli huonekana mchoyo na mwongo huonekana karimu.

Basi yapasa nini? Twaona mambo manne, na yote yamo katika uwezo wa mtu wa kawaida.

Kwanza, kujua. Anayechanganya kwa kukisia, debe hili na nusu ya lile, hawezi kumwambia mtu ukweli hata akitaka, kwa sababu yeye mwenyewe haujui. Kujifunza hisabu kwa mwenye kuuza si pambo. Ni sharti la ukweli wake, kama kujifunza sharti za sala kulivyo sharti la sala. Katika karne ya 12 al-Shayzari aliwaandikia wasimamizi wa masoko wa Sham kitabu cha kueleza hila za kila kazi, mlango baada ya mlango, ili msimamizi asiingie sokoni kama kipofu. Wale walijua kwamba uadilifu bila ya ujuzi wa kazi haumsaidii mtu.

Pili, kukoroga. Pengine msomaji atacheka, lakini hili ni katika haki. Mawese yakipatwa na baridi, sehemu yake nzito huganda na kushuka chini ya pipa. Na asubuhi za milimani kama Gwassi si kama asubuhi za Mombasa. Asiyepasha moto na kukoroga kabla ya kupima humpa wa kwanza majimaji na wa mwisho mazito, kwa jina moja na bei moja. Nisba iliyo sawa katika daftari haikuwa sawa katika kikombe. Mwenye kuuza hakuahidi pipa, ameahidi kikombe.

Tatu, kutaja. Sheria ya Kenya ya vyakula na dawa, Sura ya 254, yakataza kumpotosha mnunuzi kwa lebo au kwa tangazo la uongo. Huko India kanuni za serikali huruhusu mafuta mawili kuchanganywa kwa sharti kwamba hakuna kati ya hayo litakalokuwa chini ya 20 katika 100 kwa uzani, ili lisiwe jina tu, na kwamba mchanganyiko utajwe katika chombo. Hizi ni sheria njema. Lakini sheria ya lebo huishia pale lebo inapoishia. Pipa lina lebo, kikombe hakina. Mafuta yanapofunguliwa na kupimwa, maandishi yote ya kiwandani hubaki nyuma ya meza, na mnunuzi hupata mafuta bila ya habari yake. Kwa hivyo wajibu haubaki kiwandani. Huhama pamoja na mafuta, mkono kwa mkono, mpaka kwa mwenye kupima. Kibao kimoja kilichoandikwa kwa lugha ya watu wa mahali, na huko Magunga ni Kijaluo na Kiswahili, kiseme: sehemu tatu mawese, sehemu mbili alizeti. Wala kusiwekwe picha ya ua la alizeti juu ya kitu ambacho sehemu yake kubwa ni mawese. Picha nayo husema, na yule asiyejua kusoma huisadiki zaidi kuliko maandishi.

Nne, kuuliza. Hatumwachi mnunuzi bila ya sehemu yake. Mtu ambaye huuliza bei mara tatu wala haulizi kilichomo hata mara moja, amewafundisha wauzaji wake kwamba bei ndiyo pekee inayomshughulisha. Sisi wa pwani twajua sana kuchagua nazi: twaigonga, twaitikisa, twaisikiliza maji yake. Lakini tukipewa mafuta hatusemi neno. Ikiwa pua na ulimi vimenyamazishwa na kiwanda, basi umebaki mdomo, nao hautozwi kodi.

Yote haya hayamfanyi mchanganyaji kuwa mtu mbaya. Kinyume chake, kazi yake ni ya heshima, kwa kuwa yeye humchagulia mtu asiyemjua, apime baina ya mfuko wa mtu yule na moyo wake na karai lake. Yuko katika hali ya wakili. Wakili huruhusiwa kuamua mengi, na hakuna nisba moja ambayo ni sahihi kwa watu wote. Mkaanga samaki ana yake, mgonjwa wa moyo ana yake, na mwenye watoto saba na shilingi hamsini ana yake. Kisichoruhusiwa kwa wakili ni kimoja, kwamba amfiche aliyemuwakilisha yale aliyoamua juu yake.

Siku ya hisabu mtu hataulizwa tu ametia nini katika pipa lake, bali ataulizwa na ni nani aliyemjulisha. Basi na ajitengezee jawabu sasa, maadamu kalamu na daftari ziko mkononi mwake, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwawezesha waja wake kutimiza vipimo.